Ujira wa Mhandisi

Yako maneno ambayo husemwa kwa nia njema, lakini madhara yake ni sawa na ya maneno yaliyosemwa kwa nia mbaya. Moja katika maneno hayo huambiwa watoto kila siku katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, toka Pumwani mpaka Kayole: "Soma kwa bidii, usije ukaishia kuwa fundi." Mzazi asemaye hivi humtakia mwanawe shati jeupe, meza na kiti, na mshahara usiokosa kila mwisho wa mwezi. Hapana mtu awezaye kumlaumu mzazi kwa kumtakia mwanawe mema. Walakini neno lenyewe ni la uongo, na uongo haugeuki ukawa kweli kwa sababu umetoka kinywani mwa mama. Nia ya insha hii ni kulipinga neno hilo. Nitaonyesha kuwa maisha marefu katika kazi ya mitambo yana ujira mkubwa, kuwa ujira huo ni wa namna nyingi, na kuwa wale wanaouzuia usimfikie mwenye kuustahili wanapaswa kukemewa.

Mhandisi wa mitambo ni mtu aifikirie mashine kabla haijawako, akaipima, akaichora na kuihesabia nguvu zake. Fundi ni mtu aipaye mashine hiyo mwili, na aitunzaye mpaka uzee wake. Mmoja hawezi kitu bila ya mwenziwe. Kwa hiyo nitawasema pamoja, na mbele nitaeleza kwa nini kuwatenga ni kosa.

Tazama kwanza mji wenyewe, msomaji. Mwezi wa Mei 1899 reli iliyotoka Mombasa ilifika katika uwanda wenye maji baridi, maili 327 kutoka pwani. Wahandisi walitua hapo kwa kuwa ndipo palipokuwa na ardhi tambarare ya mwisho kabla njia haijaanza kupanda milima kwenda Bonde la Ufa. Palifaa kwa bohari, kwa vichwa vya treni na kwa karakana. Mwaka huo huo makao makuu ya reli yalihamishwa kutoka Mombasa. Serikali ilikuja nyuma. Makao yake yalihamia Nairobi mwaka 1905, miaka sita baada ya nyundo kuanza kulia. Hapakuwa na kiti cha enzi wala bandari iliyouita mji huu uwe. Ulizaliwa na mitambo. Muthurwa na Makongeni ilijengwa ili wafanyakazi wa reli wapate mahali pa kulaza vichwa. Mtoto wa Makongeni anayeufundishwa moyo wake kuidharau karakana hufundishwa kumdharau mama aliyemzaa.

Dharau hiyo ilitoka wapi? Haikutoka katika kazi; ilitoka katika utawala. Zamani za ukoloni kazi na mishahara ilipangwa kwa rangi. Mzungu aliwekwa juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Mwafrika alipewa koleo, kopo la mafuta na amri. Hesabu na michoro vilifichwa kwake kama vile mtu afichavyo ufunguo wa ghala. Kijana wa Kiafrika aliyeshika kalamu alionekana kuwa karibu zaidi na mamlaka kuliko kijana aliyeshika spana, na kwa kweli alikuwa karibu zaidi. Baba aliyeyaona hayo mwaka 1950 alikuwa na haki ya kumwambia mwanawe aikimbilie kalamu. Mjukuu wake anayelirudia neno hilo leo hana udhuru. Ufunguo wa ghala ulikwisha kutolewa. Chuo cha Ufundi cha Kifalme kilipokea wanafunzi Nairobi mwaka 1956, na mwaka 1970 kikawa Chuo Kikuu cha Nairobi. Kenya Polytechnic ilifunguliwa mwaka 1961, na tangu mwaka 2013 ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Mlango u wazi. Kilichobaki ni aibu ya bure.

Sasa tuuhesabu ujira wenyewe. Ujira wa kwanza ni kuishi karibu na kweli. Katika kazi nyingi mtu aweza kusifiwa kwa jambo asilolifanya, au kulaumiwa kwa kosa la mwingine, na akaishi hivyo mpaka kustaafu bila ya kujua thamani yake. Mashine haina upendeleo huo. Haipokei rushwa, haijui kabila, haisomi barua za kujulishana. Nati iliyokazwa vibaya italegea mbele ya waziri kama itakavyolegea mbele ya mwanagenzi. Mtu aliyehukumiwa kila siku na hakimu wa namna hiyo kwa muda wa miaka 30 au 40 hupata tabia ya kupima kabla ya kusema na kukagua kabla ya kuahidi. Katika nchi ambayo watu wake wamechoka kwa ahadi, tabia hiyo ni mali kubwa kwa mwenye nayo, na ni mali kubwa zaidi kwa jirani zake.

Ujira wa pili ni ujuzi uzidio kwa umri. Ziko kazi ambazo mtu huzeeka na thamani yake ikazeeka pamoja naye. Kazi ya mitambo si hivyo. Chukua mfano wa beringi ya pampu. Ikipungukiwa na grisi, vyuma vyake husuguana na kupata joto. Joto huvipanua, nafasi iliyo kati yao hupungua, na msuguano huzidi. Mwisho beringi hukwama, na mhimili unaozunguka kwa nguvu zote hupinda au hukatika. Kijana aliyetoka chuoni aweza kuyaeleza hayo yote ubaoni bila ya kukosea. Lakini mzee wa karakana hupita mlangoni, husikia mlio mwembamba usiokuwako jana, huweka kiganja chake juu ya ganda la pampu, na kusema, "Simamisha." Kijana ajua kiwezacho kuvunjika, mzee ajua kitakachovunjika. Tofauti ya maneno hayo mawili hainunuliwi sokoni. Hulipiwa kwa miaka, na aliyekwisha kuilipia hawezi kunyang'anywa.

Ujira wa tatu ni manufaa yaonekanayo kwa macho. Amka alfajiri katika mtaa wowote wa mashariki ya Nairobi utazame. Unga wa uji umetoka katika mashine ya kusaga, ambayo mawe au nyundo zake zilichakaa zikabadilishwa na mtu. Matatu inayokwenda mjini kwa barabara ya Jogoo hushika breki kwa sababu mtu alilala chini yake jana jioni. Sanduku la bati unalofungia vitabu vyako bwenini huenda lilikatwa, likakunjwa na kugongwa misumari Kamukunji, na mtu ambaye hukuuliza jina lake.

Lakini mfano ulio bora kuliko yote ni jiko. Jiko la zamani la makaa lilikuwa bati tupu. Moto wake ulipita ubavuni ukaenda kuupasha hewa, na mama akanunua makaa ya kupasha ua badala ya sufuria. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wahandisi, wafinyanzi na wahunzi wa Kenya walilitengeneza upya. Walitia ndani yake bakuli la udongo uliochomwa ili kuuzuia moto usitoroke, na ganda la bati wakalifinya kiunoni, pana juu na chini, ili lisimame imara na kulishika bakuli lisianguke. Mafundi wa Shauri Moyo walikuwa miongoni mwa waliolifua kwa wingi, nao hawakupokea mchoro kama kasuku apokeavyo neno. Walilijaribu na kulirekebisha kwa mikono yao. Vipimo vilionyesha kuwa jiko hilo hupunguza makaa kwa theluthi moja au zaidi. Liliingia katika nyumba nyingi sana, likavuka mipaka na kuigwa katika nchi nyingine za Afrika. Hesabu wewe mwenyewe, msomaji: familia inayotumia makopo matatu ya makaa ikitumia mawili, kopo la tatu limegeuka kuwa daftari, au dawa, au kibaba cha unga. Hotuba ngapi zimepata kufanya kazi kama hiyo?

Ujira wa nne ni warithi. Mhandisi aliyedumu katika kazi hawezi kudumu peke yake. Lazima wengine wajifunze kwake, maana mitambo ni mingi na mikono miwili haitoshi. George Stephenson, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1781, alikuwa mwana wa mtia makaa katika mashine ya mgodini. Hakujua kusoma mpaka alipofika umri wa miaka 18. Akajilipia masomo ya usiku kwa mshahara wake mdogo. Mwaka 1830 reli aliyoijenga kati ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa, na ulimwengu ukaanza kusafiri kwa namna mpya. Kazi yake ilishikwa na mwanawe Robert na na vijana wengi waliopita mikononi mwake. Chanda chema huvikwa pete. Lakini pete ya mhandisi ni vidole vingine vilivyofunzwa na vidole vyake.

Ujira wa tano ni kazi iliyo imara kuliko uhai wa mtu. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi limesimama gari la moshi nambari 5918, liitwalo Mount Gelai. Ni moja katika magari 34 ya aina yake yaliyoundwa na Beyer, Peacock wa Manchester na kuletwa Afrika ya Mashariki mwaka 1955 na 1956. Uzito wake ni tani 252, na juu ya reli yenye upana wa mita moja tu liliweza kuvuta mzigo wa tani 1,200 toka usawa wa bahari Mombasa mpaka Nairobi, mwinuko upatao mita 1,660. Watoto hupanda humo leo wakacheka. Wachache huuliza ni nani aliyezibua mabomba ya mvuke, aliyefunga valvu, aliyekereza mihimili iliyochakaa, hata gari hilo likadumu kazini miaka mingi katika vumbi la Tsavo. Majina yao hayakuandikwa juu ya chuma. Juu yake limeandikwa jina la mlima. Lakini kila tani ya chai, ya kahawa na ya mahindi iliyofika salama ilikuwa sahihi yao.

Hapa najua utanikatiza. Utasema, "Sifa haziliwi. Tueleze habari za fedha." Shauri ni haki, na nalijibu bila ya kulikwepa. Wahenga walisema, "Achanikaye kwenye mpini hafi njaa," na neno hilo ni kweli kwa mpini wa nyundo kama lilivyo kweli kwa mpini wa jembe. Mhandisi aliyehitimu hupata riziki ya heshima, na fundi hodari wa mtaani aghalabu humzidi mapato karani anayemcheka. Hata hivyo sitakudanganya kuwa haki hutendeka siku zote. Reli ya Afrika ya Mashariki iligawanyika pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Mwaka 2006 uendeshaji wa reli ya Kenya ulikabidhiwa kampuni ya watu binafsi, na mkataba huo ukavunjwa mwaka 2017. Katika mageuzi hayo watu wengi walipoteza kazi. Mwaka 2010 wapangaji wa Muthurwa, mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, walibomolewa vyoo na kukatiwa maji ili wahame. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ilikata kuwa haki zao zilivunjwa.

Je, mambo hayo yaishinda hoja yangu? Hayaishindi, yaipa nguvu. Kwa maana dhuluma hizo hazikufanywa na mashine wala na kazi ya mashine. Zilifanywa mezani, katika ile ile ofisi ambayo mtoto huambiwa aikimbilie. Tena tazama jambo moja. Kiti cha karani kikiondolewa, karani huondoka mikono mitupu. Fundi akiondolewa karakanani huondoka na mikono yake, na kesho hupata jiliwa na tupa chini ya mwembe au kando ya njia. Hiyo ni sababu moja ya jua kali kukua, na mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilipoichunguza Kenya lilikuta kuwa watu hao waliodhaniwa kuwa wavivu walikuwa wakifanya kazi, wakizalisha, na wakifundishana bila ya msaada wa mtu.

Wengine husema, "Nchi yetu hununua mashine za wageni, mhandisi wetu atafanya nini?" Ni kweli reli mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ilijengwa na kampuni ya Kichina. Lakini mashine haijui kuwa imekuja kwa meli. Huchakaa hapa, hukwama hapa, na anayeiponya lazima awe hapa. Wengine hutaja gari la Nyayo kwa kicheko. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, na mwaka 1990 magari ya majaribio yalionyeshwa kwa watu. Gari hilo halikupata kuuzwa sokoni. Lakini ni nini kilichoshindwa? Wahandisi waliombwa gari, wakaunda gari, nalo likakimbia katika majaribio. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana. Kumcheka mhandisi kwa jambo hilo ni kama kumcheka mpishi kwa sababu mwenye shughuli hakununua mchele.

Na wako wasemao kuwa kompyuta itaifuta kazi hii. Kompyuta yaweza kuhesabu upesi kuliko mtu na kuchora vizuri kuliko mkono. Lakini hesabu haizunguki. Kinachozunguka ni chuma, na chuma huchakaa.

Sasa nawageukia wale niliosema kuwa wanapaswa kukemewa. Wa kwanza ni wakubwa wa kazi ambao hawajui namna ya kumtunza mhandisi bora isipokuwa kwa kumwondoa katika uhandisi. Mtu akiifahamu mashine kuliko wenziwe wote, humpandisha cheo, humpa meza, na kumtia katika mikutano asubuhi na jioni. Mashine hubaki na asiyeijua, na aijuaye hubaki na karatasi asizozipenda. Taasisi imepoteza mhandisi mwema na kupata msimamizi wa wastani, kisha ikaiita hasara hiyo zawadi. Kwa nini mtu asipandishwe mshahara pale pale alipo? Mpasuaji hodari haambiwi aweke kisu chini ili aheshimiwe. Mwenye sikio la miaka 30 alipwe kwa ajili ya sikio hilo, na apewe vijana wawili au watatu wa kumrithi.

Wa pili ni wale wajengao ukuta kati ya mhandisi na fundi. Sheria ya Wahandisi ya mwaka 2011 yataka mhandisi aandikishwe, na ni haki, kwa kuwa boila lililohesabiwa vibaya huua. Mwaka 2016 ikaja sheria ya kuwaandikisha mafundi wa uhandisi waliosomea vyuoni, na hiyo nayo ni haki. Lakini hapana sheria iliyoamuru dharau. Mhandisi asiyepata kushika tupa huchora bolti mahali ambapo spana haiwezi kufika. Fundi asiyefundishwa hesabu huchomelea chuma kinene mahali pasipotakiwa, na chembamba mahali patakiwapo kinene. Jiko nililolitaja halikuundwa na mmoja wao. Liliundwa siku walipokaa pamoja. Ukuta huo ni mabaki ya ule wa zamani uliopangwa kwa rangi, na atakayeulinda leo hulinda urithi wa watu waliomdharau babu yake.

Basi, msomaji, mvulana au msichana, maana mashine haiulizi pia jambo hilo, sikuambii uifuate kazi hii kwa kuwa nimeisifu. Wako ambao vipawa vyao ni vingine, na nchi yawahitaji. Nakuambia usiikimbie kwa hofu ya jina. Siku za mwanzo utapewa kufagia vyuma, kuosha vipuri kwa mafuta ya taa, na kushika taa huku mwingine akifanya kazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mvungu wa lori ni mchafu kuliko mvungu wa kitanda. Vumilia mwaka wa kwanza, na wa pili, na wa tano. Uliza kila mara kwa nini, na usitosheke na jibu la "ndivyo tulivyozoea."

Na wewe mzazi, ikiwa kitabu hiki kimeachwa mezani ukakifungua, nakusihi ulibadili neno lako. Usimwambie mwanao asome asije akawa fundi. Mwambie asome ili akiwa fundi awe fundi kweli. Mji unaoishi ulianzishwa na kazi hiyo, na asubuhi ya kesho haitapambazuka vema juu ya Kaloleni, Jericho wala Dandora bila ya mtu mmoja kuamka kabla yako, akavaa nguo zenye madoa ya mafuta, na kwenda kuhakikisha kuwa magurudumu yanazunguka.